Mti Chini ya Landrova

Kulikagua gari ambalo sikulinunua kulinigharimu shilingi elfu kumi na moja na mia nne. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu, na mara zote mbili imekuja ileile: nauli ya watu wawili kutoka Makambako mpaka Njombe na kurudi, nauli ya pikapu ya mbao kutoka Njombe mpaka Kifanya na kurudi, chai na chapati nne pale stendi, na tochi mpya pamoja na betri zake. Zote nililipa mimi. Mwenzangu alisema atanirudishia yake tukifika. Mwezi uliopita tumemzika Mzee Mgaya, seremala wa Kifanya aliyekuwa mwenye gari, na pale msibani nikamwona huyo mwenzangu, Shomari, akishuka kwenye Landrova ileile, akaufunga mlango kwa mikono miwili kama anayefunga stoo. Niliangalia tairi kwanza, ndipo nikamwangalia yeye. Tairi zilikuwa na hali nzuri zaidi.

Mwaka ninaousema mimi, Tuma, nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya biashara ya viazi, na nimepanga chumba Makambako nyuma ya mashine ya kusaga. Dirisha lilikuwa moja na lilitazama mashine, kwa hiyo kila nilichokuwa nacho kilikuwa na unga: godoro, kioo, Biblia, hata sabuni. Nilikuwa nikivaa gauni jeusi la kwenda kanisani, nafika nimevaa la kijivu. Upande wa pili wa ukuta wa mbao waliishi madereva wawili wa malori, na umeme ukikatika, mashine ikanyamaza, nilikuwa nasikia mpaka wanavyotafuna. Siku moja wanakula, mmoja akamwambia mwenzake, "Wale kina mama wa viazi usiwafuate mapema. Waache wangoje. Gunia likianza kunuka, mwenyewe atakuja kukubembeleza na bei utapanga wewe." Mwenzake akasema, "Yule Mkinga wa hapa nyuma habembelezi." "Atabembeleza. Viazi havijui kabila." Nilikuwa nimekaa kitandani na sahani ya ugali mapajani. Msimu uliotangulia nilikuwa nimetupa magunia kumi na moja huko kwetu Matamba nikingoja lori la watu hao hao. Nilimaliza ugali wangu, kwa sababu nilikuwa nimeshaulipia, nikaamua kwamba mvua nyingine haitanikuta sina gari.

Shomari alikuwa Mrangi aliyekuja Makambako kutafuta maisha. Alikuwa na kibanda cha chumvi na sabuni karibu na stesheni, na shida yake ilikuwa ileile yangu, maana naye alinunua viazi kila msimu. Ijumaa akitoka msikitini tulikuwa tunakula wali na maharage kwenye sinia moja pale kibandani, na kwa kuwa alikuwa na tabia ya kulima mpaka upande wa mwenzake, nilikuwa nachora mpaka kwa kijiko kabla hatujaanza. Watu walifikiri kuna jambo kati yetu. Lililokuwepo ni viazi. Tulikubaliana kila mmoja aweke laki sita, tununue gari moja, tugawane mzigo nusu kwa nusu. Laki sita zangu zilikuwa akiba ya miaka minne, na nyuma yake hakukuwa na nyingine. Tukinunua gari bovu, mimi nilikuwa narudi Matamba kulima shamba la kaka yangu, na hilo Shomari alilijua kwa sababu nilimwambia kila Ijumaa. Shirika lilikuwa moja, ila fedha zilikaa sehemu mbili, kila mtu chini ya godoro lake.

Habari za Landrova zilikuja na dereva wa mbao: kwamba Kifanya kuna seremala aliyenunua gari kuukuu likiwa limeota majani, na kwa miaka tisa amekuwa akilifufua, sasa amechoka anauza lilivyo. Tukaenda, mvua za kwanza zimeshapiga. Gari lilikuwa ndani ya banda la kazi, kati ya vitanda visivyo na miguu na majeneza mawili yaliyosimamishwa ukutani, na maranda yamejaa sakafuni mpaka nusu ya tairi. Mzee Mgaya alikuwa mrefu, penseli nyuma ya sikio, na alikuwa akipiga randa. Hakuiacha.

"Kamwene, baba," nikasema.

"Kamwene. Mmekuja kununua au kuangalia?"

"Tunaangalia kwanza."

"Wa kuangalia wamekuja wengi. Hata kuku wangu wanaangalia."

Nitasema haki yake, maana hawezi tena kuidai mwenyewe: lilikuwa gari zuri. Bodi ilikuwa imenyooshwa yote na kupakwa rangi ya kijani, dashibodi ameichonga kwa mninga na kuisugua mpaka ukijitazama unajiona, na viti vilikuwa imara kuliko vya bungeni. Alizungusha hendeli mara moja, injini ya dizeli ikaitika. Yasiyokuwepo yalikuwa mlango mmoja, kioo cha mbele, nyaya zote za umeme na mabomba ya breki. Bei aliyoitaja ilikuwa milioni moja na nusu. Mtu mwenye akili anapotajiwa bei hufanya uso kama ameumwa na jino. Shomari akasema, "Mashallah, hili ni gari." Nikamkanyaga. Akaunyanyua mguu, akaendelea kusifu kwa mguu mmoja.

Nilianza na magurudumu. Kila gurudumu lina nati tano, kwa hiyo nilitegemea ishirini. Nikahesabu, zikawa ishirini. Nikahesabu tena, safari hii kwa kugusa, na ile ya kumi na nne ilikuwa na joto kuliko wenzake. Nilikuwa nimebeba sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Nikaisogeza: haikushika. Nikaikwaruza nati ile kwa ukucha, ikatoa ungaunga mwekundu. Ilikuwa ya mti, imepakwa rangi ya fedha.

"Hiyo ni ya kuziba tu," Mzee akasema, "vumbi lisiingie."

"Nati ya kuziba vumbi."

"Ya chuma ilipotea. Ningefanyaje, niache tundu? Gari linauzwa."

Nikapitisha sumaku kwenye bodi, kutoka boneti mpaka nyuma. Haikushika popote. Mzee akaiweka randa chini kwa mara ya kwanza. "Binti, bodi ya Landrova ni aluminiamu. Sumaku haishiki aluminiamu. Huko kwenu Matamba hawajawafundisha?"

"Najua, baba. Nilikuwa nataka kujua kama na wewe unajua."

Hapo ndipo uadui ulipoanza rasmi. Mpaka leo sioni ningemjibu nini kingine.

Nilitaka kuingia chini ya gari palepale, lakini mke wake akaja kutuita chakula, na nyumba ile hawakuzungumza bei na mtu mwenye njaa. Kuku alikuwa amechinjwa na Shomari mwenyewe, wamempa kisu mlangoni kwa heshima ya dini yake. Nawaza sana juu ya chumba kile siku hizi. Meza ya mninga isiyo na msumari hata mmoja, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, mwanga wa mvua dirishani, na ugali umefunikwa kwa ungo kuhifadhi moto. Watu wale walitupa kila walichokuwa nacho huku wakituchukia, mimi hasa, na hadi leo sijaona wengine wakiyaweza yote mawili kwa mkupuo mmoja. Mama Mgaya alirudi jikoni, nikamsikia akisema na jirani yake kwa Kibena. Kibena na Kikinga si lugha moja, ila matusi yanavuka mpaka bila shida. "Mkinga yule," alisema, "sasa hivi atahesabu vipande vya kuku." Nilikuwa nimeshavihesabu. Vilikuwa vinane, na Shomari alikula vitano. Halafu akaongeza jambo lililonifaa zaidi: "Ila na liondoke, hata kwa Mkinga. Miaka tisa mbao zinanyeshewa nje, gari limelala ndani kama mgonjwa." Nikamwangalia Shomari nimkonyeze kwamba hawa lazima wauze. Alikuwa anasifu meza.

Baada ya chakula Mzee akaleta ulanzi, ile pombe ya mianzi. Akamimina kwenye kikombe, akanywa yeye kwanza mbele yetu, kama inavyofanywa kule mgeni aone kinywaji hakina kitu, kisha akaninyooshea. Shomari hakutazamiwa kunywa. Mimi nilitazamiwa. Lakini ulanzi wa mvua za kwanza ni mtamu na unadanganya, na mbele yangu kulikuwa na milioni moja na nusu ya kubishaniwa.

"Ahsante, baba. Sinywi nikiwa kazini."

Kikombe kikabaki hewani. "Nimekunywa mbele yako," alisema.

"Nimeona."

"Nimekunywa, umeona, na bado hunywi. Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

Mama Mgaya akasema kutoka mlangoni, kwa Kiswahili safi ili nisikose hata neno, "Hapa kwetu hatujamzika mgeni bado." Shomari akaomba maji. Mzee alikimaliza kikombe chote peke yake, taratibu, akinitazama. Nimekaa na watu wengi wagumu mezani tangu hapo, matajiri wa mbao, askari, mume wangu wa kwanza, na hakuna aliyewahi kunikazia macho kama yule.

Tukarudi bandani. Nikafunga khanga, nikalala chali juu ya maranda, nikaingia chini ya gari na tochi yangu. Chesisi ni chuma, haina hadithi ya aluminiamu, na sumaku ilikuwa inashika vizuri: tap, tap, tap, kutoka mbele kuja nyuma. Ilipofika boriti ya nyuma, ile inayobeba mwisho wa gari lote na ndoano ya kuvutia, ikaniangukia usoni. Nikaijaribu tena. Ikaanguka tena. Nikatoa msumari nikakwaruza ile rangi nyeusi, na harufu iliyotoka niliijua, kwa sababu nilikuwa nimetoka kula juu yake.

"Baba, hii nini?" nikauliza nikiwa chini.

"Chesisi."

"Chesisi ya mti?"

Miguu yake haikusogea. "Mninga. Chuma kilikuwa kimeoza pale. Nimeukausha miaka miwili, nimeuingiza kwa ulimi na tundu, nimepitisha bolti nane."

"Na ukaupaka rangi nyeusi."

"Kila kitu chini ya gari kinapakwa rangi nyeusi."

"Ulikuwa utuambie saa ngapi?"

"Ungeuliza, ningekuambia. Hukuuliza. Umekuja na kisumaku chako kama unakagua wezi."

Nikatoka chini, maranda yamenijaa kichwani. Shomari alikuwa ameinama anachungulia, na nikamwona anavutiwa. Nikasema kwa sauti ya kutosha banda zima, na jirani wa jikoni pia, kwamba nilikuja kununua gari, si kabati. Kwamba gunia la viazi lina kilo mia, na yakiwa kumi na tano kwenye mteremko wa Matamba boriti ile itapasuka, na mimi na viazi vyangu tutaokotwa bondeni. Kwamba kwa milioni moja na nusu ningetaka lile jeneza la kulia nalo liwe humo. Mzee hakupandisha sauti. Alisema, "Milioni moja. Chukueni, mwondoke nalo leo leo, nisikuone."

Laki tano zilikuwa zimeanguka kwa sentensi tatu. Mfanyabiashara mwingine angeshukuru. Mimi nilikuwa nimesikia ya jikoni, nilijua lazima wauze, nikasema, "Laki saba."

"Toka."

"Laki saba na nusu, na boriti nitaibadilisha mwenyewe."

"Hata bure sikupi. Toka kwenye maranda yangu."

Nikatoka, nikashika njia ya barabarani taratibu sana, mwendo wa mtu anayengoja kuitwa. Nilikuwa nimefanya hivyo sokoni mara nyingi na nilikuwa naitwa kila mara. Nilifika barabarani. Nyuma yangu nilisikia randa imeanza tena. Shomari alinifuata akigeuka geuka, na kwenye pikapu tulikaa juu ya mbao kila mmoja upande wake.

"Lilikuwa gari zuri," akasema karibu na Njombe.

"Limechongwa."

"Lakini limechongwa vizuri."

"Shomari, hiyo ni laki sita yangu. Sina nyingine."

"Najua. Unaniambia kila Ijumaa."

Wiki haikuisha. Mashine ilikuwa imezimika, nimelala mchana, nikasikia ukutani dereva mmoja akimwambia mwingine, "Yule Mrangi wa chumvi kapata Landrova." Nilikwenda kibandani bila kuvaa viatu sawasawa. Lilikuwa limeegeshwa nje, limewekwa mlango wa bati na kioo cha mbele cha kuazima. Shomari alikuwa anafunga magunia matupu.

"Umenunua kwa ngapi?"

"Milioni moja. Laki sita nimempa, nne nitamalizia kwa kumbebea mbao."

"Milioni moja ni bei yangu."

"Ni bei ya Mzee."

"Mzee alisema moja na nusu. Laki tano zimeshuka kwa mdomo wangu, chini ya gari, nimelala kwenye maranda. Na nusu ya gari hili ni yangu, tulikubaliana."

Hakunitazama. "Tuma, nina haraka. Mvua inakuja, nakwenda Matamba."

Kwetu. Alikuwa anakwenda kununua viazi kwa watu wa kwetu, kwa gari nililolikagua mimi, na hakutaja neno la nusu yangu. Msimu ule wote niliungoja mti ule upasuke. Nasema wazi kwa sababu mtu mwingine angeandika kwamba alimwombea dua. Kila lilipochelewa kurudi nilikuwa nakaa mlangoni nikiwaza boriti inavyoachia, na kila mara lilikuwa linatokea kona ya stesheni, limeshiba magunia, honi mbele. Ubaya zaidi, malori yalipoanza tena mchezo wao, ilibidi viazi vyangu navyo vipande juu ya mninga ule, na Shomari alinitoza kwa gunia kama mtu yeyote. Nililipa misimu miwili. Kisha nikaacha viazi, nikahamia Njombe, nikaingia kwenye vipuri vya magari yaliyotumika, na hapo ndipo maisha yangu yalipokaa. Leo mtu wa Njombe hanunui gari la mkono wa pili kabla sijalala chini yake. Wananilipa kwa kulala. Watoto watatu wamesoma kwa mgongo wangu huu, na sumaku nimenunua kubwa zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza kama niliona sawa siku ile, niliona sawa: hakuna fundi yeyote atakayekuambia ununue chesisi ya mti. Nimekuwa sahihi kwa miaka ishirini na tatu, na usahihi huo haujawahi kubeba hata gunia moja.

Msibani, Mama Mgaya alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya kile chumba cha kulia, meza imetolewa nje. Nilipiga magoti nikampa pole. Alinishika mkono, akanitazama muda, akasema, "Umekuja kuhesabu waombolezaji?" Nikamwambia ni wengi, wamenishinda. Akaniachia mkono, lakini si haraka. Nilipotoka, watu wanakula, nikaenda palipoegeshwa Landrova, nikainama na nguo zangu za msiba, nikachungulia. Sikuhitaji tochi. Ulikuwepo, mweusi kwa oili ya miaka yote hiyo, bolti nane. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole na ukaitika kama mlango mzuri.

"Mti uleule," Shomari alisema nyuma yangu. Amekuwa mzee, ndevu nyeupe, tumbo la mwenye malori manne. "Injini nimebadilisha, difu nimebadilisha mara mbili. Huo sijaugusa."

"Nilikwambia ni wa mti."

"Ulisema utapasuka."

"Sikusema lini."

Akacheka kidogo, akaacha, maana jeneza lilikuwa bado halijatoka. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Nilipokwenda peke yangu, yule mzee aliniambia ataniuzia kwa sharti moja. Yule Mkinga asikanyage tena hapa, na asiwe na haki ya tairi hata moja. Kama nakupa nusu, haniuzii. Alisema umekataa kikombe chake."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemweka Shomari kwenye fungu la wezi, fungu ambalo ni rahisi kuishi nalo. "Na wewe ukakubali," nikasema.

"Nikakubali. Nilitaka gari."

"Ungeniambia."

"Ungekwenda kugombana naye, gari tungelikosa wote wawili. Tuma, wewe unajijua."

Walianza kuimba ndani, wanaume wakasimama, akaniacha pale akaenda kushika upande mmoja wa jeneza. Lilikuwa la mninga. Sikupata nafasi ya kulikagua. Nilikuwa nimebakiza neno moja na sikulisema, kwa hiyo naliandika hapa, na najua binti yako atakusomea, Shomari, maana miwani huvai kwa kujiona kijana. Kukubali sharti ni kwako na roho yako. Gari silitaki tena. Lakini bei ya Mzee ilikuwa milioni moja na nusu, wewe ulilipa moja, na aliyezishusha zile laki tano hukuwa wewe, wewe ulikuwa umesimama kwa mguu mmoja unasema mashallah. Nusu yake ni laki mbili na nusu. Riba sijaweka. Namba yangu unaijua, uliichukua pale msibani ukasema tusipoteane. Tuma kwa simu, na uweke ya kutolea.